Kikohozi Kwenye Kaseti

Tangu lori la maziwa lilipoanza kupanda mlima, Mama Nubia alikuwa ameulizwa swali moja mpaka likamchosha roho. Uko na nani? Dereva aliuliza. Mwanamke aliyepakata kuku akauliza. Hata mzee aliyekuwa akisinzia kati ya madebe alifumbua jicho moja, akauliza.

"Niko na miguu yangu," Mama Nubia akamjibu dereva. "Miwili, na yote mizima."

"Usikasirike, mama. Nimeuliza tu. Mtu mzima kama wewe, peke yako, huko juu kwenye baridi..."

"Hiyo baridi ndiyo iliyokutuma uniulize?"

Dereva akashughulika na usukani wake.

Hebu niambieni, jamani. Mwanamume akining'iniza darubini shingoni akapanda mlimani kutazama ndege, watu husema huyo anapenda ndege. Mjane akifanya vilevile, basi amechanganyikiwa, au amegombana na wakwe zake, au anatafuta bonde la kujitupa. Wanawe mwenyewe kule mjini Manizales walikuwa wameitisha kikao kizima cha kumzuia. "Mama, ndege wamejaa hata hapa bustanini," mkubwa alimwambia. Mama Nubia alimtazama, akaona kwamba mtoto yule alirithi pua ya babake tu, mengine yote yalipotea njiani. Jioni ileile akafunga begi.

Alichokifuata huko juu kilikuwa kimoja. Marehemu mumewe, Heriberto, alikuwa fundi redio, na kila alipopata nafasi alipanda milima hii kunasa sauti za ndege kwenye kaseti. Alilitoboa beseni la bati katikati, akafunga hapo kipaza sauti, na kwa beseni hilo aliweza kumsikia ndege aliye ng'ambo ya bonde. Tena alikuwa na desturi waliyo nayo wote wa kazi ile: ndege akishamaliza kuimba, kabla ya kuzima mashine, mtu husema kwa kinywa chake mwenyewe ni ndege gani, ni wapi, hali ya hewa ikoje na nani yupo. Miaka yote Mama Nubia alizisikia kaseti zile jikoni kwake, ndege halafu Heriberto, ndege halafu Heriberto, mpaka akawa anafoka, "Zima hao ndege wako, watu tusikie habari!"

Heriberto alipofariki, Mama Nubia alifungua kabati akakuta unyevu umezila kaseti zote. Picha anazo tele. Sauti hana, hata neno moja. Na sauti ya mtu huondoka upesi kuliko sura yake. Alishaanza kusahau jinsi mumewe alivyokuwa akilitamka jina lake, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko mauti yenyewe.

Akakumbuka kwamba nakala zilipelekwa makumbusho, bure, kwa hiari ya Heriberto mwenyewe. Akaenda. Alipokewa na kijana nadhifu mwenye maneno laini, akavalishwa vidude masikioni, akafunguliwa sauti ya kwanza. Ndege akaimba, kisha kimya. Ya pili, ndege, kisha kimya.

"Na mume wangu yuko wapi?" akauliza.

Kijana akatabasamu. "Tumezisafisha, mama, ili tuwagawie watu. Sauti za watu ni kelele, zinaharibu kumbukumbu."

Kelele! Mtu amelala kifudifudi kwenye matope, amenyeshewa, ameng'atwa na kila mdudu wa milima hii, amewapa kazi ya maisha yake bila kudai hata asante, nao wamemsugua kama masizi ya sufuria! Na bado wanatabasamu! Mama Nubia alitoka pale bila kuaga.

Basi akajiambia, kama sauti ya mume siipati, nitakwenda kumsikia ndege wake palepale tulipomsikia pamoja. Ndege huyo ni tororoi, kadude kaviringo kenye miguu mirefu na mkia usioonekana, kanakotembea chini kwenye giza la mianzi na hakapendi kuonwa na mtu. Na pale palikuwa shamba la La Aguada, mwisho wa njia ya lori.

Mwenye shamba, Mama Oliva, alimpokea kwa kikombe cha maji moto ya sukari guru na pande la jibini ndani yake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeachiwa shamba na babake.

"Karibu sana, dada. Uko na nani?"

Mama Nubia akafumba macho kwanza. "Peke yangu," akasema. Hakumwambia kwamba aliwahi kufika hapo enzi za babake. Angeanza kuonewa huruma, na huruma za watu alikuwa ameshazishiba.

Asubuhi ya pili aliteremka mwenyewe hadi kijitoni, amejifunika ruana yake, lile blanketi la sufu lenye tundu la kichwa, akaketi juu ya gogo. Mahali hapakubadilika. Hapa ndipo walipogombana ugomvi mkubwa kuliko wote. Walikuwa wamengoja tangu alfajiri, ndege akaanza kuimba, mashine inazunguka, na katikati ya wimbo koo likamwasha Nubia, akakohoa. Heriberto alimkata jicho ambalo hakulisahau. Aliyoyasema baadaye Mama Nubia hakuyakumbuka tena; alikumbuka tu kwamba njia nzima ya kurudi alitembea mbele bila kugeuka, na nyumbani akanuna hadi Jumapili.

Mama Nubia aliangalia mbele yake, na mara akamwona. Tororoi alitoka kwenye mianzi akitembea kwa madaha, akaruka, akaingia katika bakuli la ujani laini lililokaa penye panda ya tawi. Kabla ndege hajayakalia, Mama Nubia aliona mayai mawili ya buluu. Ndege akajipanga juu yake, akatulia. Mama Nubia naye akatulia. Ndege hakuimba siku ile, maana aliye zamu juu ya mayai hajitangazi, lakini haikumsumbua Mama Nubia. Angekuja kesho, na keshokutwa. Jioni alikula maharage kwa Mama Oliva na hakumjibu mtu vibaya hata mara moja.

Kesho yake wakaja watu wawili.

Wa mbele alikuwa Yeison, mtoto wa kaka yake Mama Oliva, mwanamume wa makamo hivi, mwongoza watalii, na mkononi ana spika ndogo nyeusi. Wa nyuma alikuwa Daktari Saldarriaga, daktari wa meno kutoka Bogotá, amevaa nguo za rangi ya majani kuanzia kofia hadi soksi, na kamera yake kubwa kama mtoto wa mbuzi.

"Habari za asubuhi, mama," Yeison akanong'ona. "Uko na nani?"

"Nilikuwa na ndege. Sasa sijui."

"Daktari anataka picha. Mara moja tu, tunaondoka."

"Sawa. Kaeni hapa, nyamazeni. Pale kwenye panda kuna kiota, ndege anaatamia. Mkitulia mtamwona akibadilishana zamu na mwenzake."

Daktari akachungulia, akatikisa kichwa. "Hapo amejificha, anaonekana mgongo tu. Mimi namtaka nje, kwenye mwanga, kifua mbele. Yeison, mwite."

"Asimwite!" Mama Nubia akasema. "Mmesikia ana mayai?"

"Mama, nimesafiri kutoka Bogotá."

"Na yeye amesafiri kutoka wapi? Hapa ni kwake!"

Yeison alikuwa ameshaitua spika juu ya jiwe, akabonyeza simu yake. Wimbo wa tororoi ukatoka, sauti tatu za chini, nzito, kama mtu anayepuliza chupa tupu. Kwenye kiota ndege akainua kichwa. Jamani, mtu akisikia sauti ya mwanamume mgeni ndani ya nyumba yake, hapo atakaa kitako? Tororoi aliruka chini, akaja mbio na miguu yake mirefu, manyoya yamemsimama, akamzunguka adui asiyekuwepo. Mayai yakabaki wazi katika ukungu.

"Safi!" Daktari akasema, na kamera ikaanza kutatarika.

"Zima!" Mama Nubia akasimama. "Zima hicho kitu!"

"Mama, tafadhali, punguza sauti."

"Mimi? Mimi ndiye nipunguze sauti?"

"Rudia," Daktari akasema. "Amegeuka upande."

Yeison akaacha sauti iendelee. Mama Nubia alipiga hatua kumwendea, mdomo umeshafunguka kwa tusi ambalo wajukuu zake hawajawahi kulisikia, na hapo katikati ya wimbo spika ikakohoa.

Kikohozi kidogo, cha mwanamke, cha kujizuia. Kikohozi chake.

Tusi likamrudi tumboni. Mtu anakijua kikohozi chake, na hiki angekijua hata akiwa kaburini, kwa vile kilimgharimu wiki nzima ya mwanamume kununa. Hii haikuwa sauti iliyosafishwa. Hii ilikuwa kaseti nzima, na kama kikohozi kimo, basi mwishoni, ndege akishanyamaza, yumo na Heriberto.

Lakini Yeison hakufika mwishoni. Alirudisha nyuma kwa kidole, wimbo ukaanza upya.

Na hapa sitamfichia mtu. Mama Nubia alinyamaza. Yeye aliyefoka, yeye aliyekuwa tayari kumrarua mtu, alisimama pale mikono chini ya ruana akawaza, acha ifike mwisho. Mara moja tu. Maneno yaleyale ya Yeison! Wimbo ukaenda, kikohozi kikapita, Yeison akarudisha tena. Ndege amechoka, anahema, bado anatafuta wa kupigana naye. Mara moja tu, Mama Nubia akawaza, safari hii ataiacha. Wala hakukitazama kiota.

Alipokitazama, kindi mwekundu alikuwa ameketi ukingoni, yai moja ameshika kwa mikono miwili, na ute unamchuruzika kidevuni.

"Mwizi!" akapiga kelele. Akaokota kijiti akakirusha, kikapiga mwanzi. Kindi akaruka tawi moja juu, akatulia, akilitazama lile lililobaki. Tororoi hakuona lolote. Alikuwa akiipigia spika kifua.

Mama Nubia akaivamia spika. Yeison naye akaikamata.

"Mama, itavunjika!"

"Ivunjike! Nawe uvunjike nayo!"

"Mzuie huyo bibi, nimebakiza kidogo!" Daktari akafoka. "Mwanga umekuja!"

Wakawa wanavutana, na kwa kuvutana kule simu ikasahaulika, hakuna aliyerudisha nyuma. Kikohozi kikapita. Wimbo ukaisha. Kikafuata kimya kifupi, na katika kimya hicho ikasikika pumzi, pumzi ya mtu aliyefungua kinywa aseme. Kindi akashuka tawi lake. Ndege akabaki hapo hapo, kifua mbele, anasubiri adui aendelee. Mama Nubia aliijua pumzi ile. Alilala kando yake maisha yake yote.

Akabonyeza kitufe. Spika ikafa mikononi mwake.

Kisha akamfukuza kindi kwa mawe na kwa matusi yote aliyokuwa ameyaweka, mpaka kindi akapotelea juu kabisa. Tororoi akasimama kitambo bila kuelewa adui amekwenda wapi. Halafu akajikung'uta, akatembea taratibu, akarukia kiota, akakalia yai moja.

"Umeniharibia," Daktari akasema. "Umeniharibia kabisa. Picha zote zina mkono wako."

"Wewe unang'oa watu meno kwa ganzi," Mama Nubia akamwambia. "Huyu mmemng'oa mtoto bila ganzi. Toka mbele yangu kabla sijakuonyesha mkono wenyewe."

Daktari alitazamana na Yeison, akaona mwenzake ameinamisha kichwa, akajizoa na kamera yake. Alikwenda kujifungia ndani ya gari lake uani, na huko alibaki, anafuta lenzi.

Jikoni, Mama Oliva alikuwa akigeuza arepa, vile vimkate vya mahindi, juu ya jiko la kuni aliposikia vishindo vya mlango. Mama Nubia aliitua spika mezani, akamwelekeza Yeison kiti.

"Kaa. Sauti ile umeitoa wapi?"

"Kwa babu, marehemu, babake shangazi hapa," Yeison akasema. "Kuna bwana mmoja alikuwa akija zamani na beseni. Alimwachia babu kaseti kama zawadi. Mimi nikaihamishia kwenye simu. Redio ikaja ikautafuna mkanda, kaseti ikaishia hapo."

"Kwa hiyo iliyobaki ni hiyo ya simu tu."

"Hiyo tu."

"Na mwishoni kuna nini?"

"Mwishoni kuna mzee anaanza kuongea. Huwa simwachi, anatisha ndege."

"Anatisha ndege!" Mama Nubia alipiga meza, vikombe vikaruka. "Yeye ndiye anayetisha ndege? Wewe na yule bwana mwenye soksi za majani mnabembeleza, siyo?"

"Dada, kuna nini?" Mama Oliva akauliza, kijiko kiko hewani.

"Funga dirisha," Mama Nubia akasema. "Na mlango. Huyo ndege asisikie tena. Sasa weka, mwanangu. Weka polepole kwa simu tupu, bila spika. Na safari hii ukigusa kabla hajamaliza, nitakukata hicho kidole."

Yeison akaweka simu katikati ya meza. Tororoi akaimba jikoni, kwa mbali, kama yuko ndani ya kopo. Kikohozi. Wimbo wa mwisho. Pumzi. Kisha sauti ya mwanamume, ya puani kidogo, isiyo na haraka.

"Tororoi. Shamba la La Aguada, kando ya kijito. Asubuhi, ukungu, manyunyu. Yupo mke wangu Nubia, ndiye aliyekohoa. Anatetemeka kwa baridi lakini hataki kukubali."

Ikasikika nguo ikikwaruza, kana kwamba mtu amesogeza ruana. Yeison alidhani imekwisha, akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Sauti ikaendelea, sasa ya chini zaidi.

"Nuu, njoo huku upate joto. Nimenuna lakini si kiasi hicho. Nazima sasa. Ndege ana mayai, tusimsumbue."

Tak. Mashine ikazimwa, na kaseti ikawa imefika mwisho.

Mama Oliva alikuwa ameziba mdomo kwa aproni. Arepa ziliungua, hakuna aliyezigeuza. "Nubia ndiye wewe," akasema hatimaye. "Ee Mungu. Ndiye wewe, na umelala hapa siku zote hizi hujasema."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Nubia na hakuyafuta, na hasira nayo ilikuwa ingalipo, haikuondoka hata kidogo.

"Hiyo ndiyo kelele waliyoisafisha kule makumbusho," akasema. "Mmesikia? Hiyo. Ndege wamemweka, wamewagawia watu wote wakamsumbue, na neno la kusema tusimsumbue wamelifuta, eti ni kelele! Na wewe kila siku ulikuwa unamziba mdomo alipotaka kukuambia."

"Sikujua, mama. Kweli sikujua. Nilidhani anataja tarehe tu, kama wanavyotaja wote."

"Hukujua kwa sababu hukumwacha aseme. Mimi nimejua, na bado nimenyamaza mpaka yai likaliwa. Sasa sijui nani kati yetu ni mbaya zaidi, na leo sina nguvu za kupima." Akaisukuma simu mbele yake. "Kata."

"Nikate nini?"

"Ndege. Wenzako wamekata mtu, wamebakiza ndege. Wewe kata ndege, wote, usibakize hata mlio mmoja. Bakiza kikohozi na mume wangu."

"Mama, ile sauti ndiyo kazi yangu. Tororoi mwingine hajanaswa vizuri hivi. Nitawaonyesha nini watu?"

"Utawakalisha kwenye gogo. Utawaambia wanyamaze."

"Hawatakubali kunyamaza. Wanataka picha."

"Basi wapige picha gogo."

Yeison akamtazama shangazi yake, akitumaini. Mama Oliva alikuwa akimmiminia Mama Nubia kikombe cha maji moto ya sukari guru. Alipomaliza aliirudisha birika juu ya jiko, na Yeison hakumiminiwa kitu.

Basi akainamia simu. Alikata taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika, na mara mbili alisimama akaangalia dirishani, upande wa kijito. Alipomaliza aliigeuza simu ili Mama Nubia aone kilichobaki, kipande kifupi mno, akabonyeza.

Kikohozi. Pumzi. Tororoi, shamba la La Aguada, kando ya kijito. Mpaka mwisho, mpaka tusimsumbue, mpaka tak.

Mama Nubia alifunika kikombe chake kwa viganja viwili ili mvuke usimpotee.

"Rudia," akasema.